NBA: namna Divizioni ya Kaskazini-Magharibi ilipoteza muji wake, na juu ya nini ramani inaweza kuchorwa tena

Vijana wa Goma, Bukavu, Uvira ao Bunia wenye wanafuata NBA kwenye simu wanajua taabu ya saa. Wakati wa miezi ya baridi kule Marekani, Denver ikianza kucheza nyumbani saa moja ya jioni, huku kwetu Mashariki ni saa kumi ya usiku. Na wale wenye wanakubali kuamuka saa ile wamekwisha kuona kitu kimoja cha kushangaza. Kwenye ile divizioni yenye inaitwa Kaskazini-Magharibi iko ekipe ya Oklahoma City, muji wenye uko upande wa kusini wa Marekani, jirani na Texas. Iko pia ya Minnesota, jimbo lenye liko katikati kabisa, kwenye mupaka wa Kanada. Lakini Seattle, muji mukubwa kupita yote ya Kaskazini-Magharibi, hauna ekipe.

Hii mambo imerudi kuzungumuzwa sana. Mwezi wa 7 mwaka 2025, wenye ekipe walikutana Las Vegas na wakaomba viongozi wa NBA wachunguze kwa undani kama inafaa kuongeza ekipe mupya. Mwezi wa 12, kamishna Adam Silver alitaja Seattle na Las Vegas kuwa miji yenye inaangaliwa, na akasema uamuzi utafanywa mwaka 2026. Ekipe mupya zikiingia, divizioni zitachorwa upya. Ni vizuri basi kujua ramani ya leo ilichorwa namna gani, na nani alilipa bei yake.

Divizioni ni nini?

NBA iko na ekipe 30: 15 za Konferansi ya Mashariki na 15 za Konferansi ya Magharibi. Kila konferansi inagawanyika katika divizioni tatu, na kila divizioni iko na ekipe 5.

Kwa musimu mumoja, kila ekipe inacheza mechi 82. Inakutana mara 4 na kila ekipe ya divizioni yake, ni kusema mechi 16. Na ekipe zingine za konferansi yake inacheza mara 3 ao mara 4. Na zile za konferansi ingine, mara 2 tu.

Mupango huu uko na sababu mbili. Ya kwanza ni safari: ekipe za jirani zikikutana mara nyingi, wachezaji hawachoke sana na ndege haikule makuta mengi. Ya pili ni ushindani: watu wa miji yenye inajuana wanapenda kushindana. Katika Divizioni ya Kaskazini-Magharibi, sababu zote mbili zilianza kulegea tangu mwanzo.

2004: ekipe moja iliingia, ramani yote ikabadilika

Tangu mwaka 1970, upande wa Magharibi ulikuwa na divizioni mbili tu: ya Pasifiki na ya Kati-Magharibi. Mwaka 2004, Charlotte ilipewa ekipe mupya na hesabu ikafika 30. Hapo NBA iliamua kugawanya yote katika mafungu sita yenye kulingana. Wakaaji wa Kongo wanajua kazi ya namna hiyo: katika mwaka 2015, majimbo 11 yaligeuka 26, na kila mutu aliuliza atahesabiwa wapi.

Divizioni ya Kati-Magharibi ilifutwa. Ekipe tatu za Texas ziliwekwa pamoja na Memphis na New Orleans katika Divizioni ya Kusini-Magharibi. Ile ya Pasifiki ilibakia na ekipe nne za California, pamoja na Phoenix. Zile zenye zilibaki ziliunganishwa: Denver, Utah na Minnesota kutoka Kati-Magharibi, Portland na Seattle kutoka Pasifiki. Ni vile Kaskazini-Magharibi ilizaliwa, musimu wa 2004-05. Seattle ndiyo ilikuwa bingwa wake wa kwanza, kwa ushindi 52.

Tangu siku ya kwanza, "ujirani" ulikuwa wa kwenye karatasi. Kutoka Portland hadi Minneapolis, kwenye ekipe ya Minnesota inachezea, ni zaidi ya kilometre 2000. Divizioni hii inapita katika saa tatu za Marekani, wakati Kongo nzima, pamoja na ukubwa wake wote, iko na saa mbili tu: ya Kinshasa na ya Mashariki.

Tena, ekipe nyingi za pale zilikuwa zinajua habari ya kuhama. Utah ilitoka New Orleans mwaka 1979 na ikabeba jina lake, Jazz, muziki wenye haukuzaliwa Utah. Minneapolis ilikuwa na Lakers, jina lenye kutoka kwa maziwa ya Minnesota, hadi ekipe ilipohamia Los Angeles mwaka 1960. Mwaka 1994 Timberwolves pia ilikaribia kuuzwa na kupelekwa New Orleans, lakini NBA ilikataa. Kwa hiyo, Seattle ilipoguswa, haikuwa ajali ya kwanza.

Seattle: ekipe iliondoka, nafasi ikabaki

Seattle SuperSonics ilianza mwaka 1967 na ikachukua ubingwa wa NBA mwaka 1979. Mwaka 2006, mwenye ekipe, Howard Schultz, aliiuza kwa dola milioni 350 kwa kundi la wafanyabiashara wa Oklahoma City lenye liliongozwa na Clay Bennett. Kwa musimu huo, Oklahoma City ilikuwa inapokea mechi za New Orleans, yenye ilikimbia tufani Katrina ya 2005. Muji ule ulikuwa umekwisha kuonyesha kama unaweza kujaza uwanja.

Wenye ekipe wapya waliomba uwanja mupya karibu na Seattle, wa bei ya dola karibu milioni 500, sehemu kubwa ikitoka kwa kodi ya wakaaji. Wabunge wa jimbo la Washington walikataa. Wapiga kura wa Seattle walikuwa wamekwisha kusema neno lao: mwezi wa 11 mwaka 2006, karibu watu watatu kwa wane walipiga kura ya kusema kama muji usitie makuta yake katika kiwanja cha ekipe ya watu binafsi bila kupata faida.

Huko Oklahoma City, mambo yalikwenda upande mwingine. Mwezi wa 3 mwaka 2008, wapiga kura walikubali kodi ya kutengeneza uwanja wao. Mwezi wa 4, wenye ekipe za NBA walipiga kura juu ya kuhama: 28 walikubali, 2 walikataa. Moja kati ya zile mbili ilikuwa Portland, ndugu wa divizioni na jirani wa karibu wa Seattle, kama kilometre 280 kwa barabara. Ingine ilikuwa Dallas.

Muji wa Seattle ulikuwa umeshitaki ekipe juu ya mukataba wa uwanja wenye ulikuwa unafika 2010. Tarehe 2 mwezi wa 7 mwaka 2008, walipatana: wenye ekipe walilipa dola milioni 45 na wakaruhusiwa kuondoka. Jina SuperSonics na rangi zake zilibaki Seattle. Wachezaji waliondoka, na kati yao kijana Kevin Durant.

NBA ilifanya nini na ramani? Karibu hakuna kitu. Oklahoma City, yenye kwa barabara iko kama kilometre 330 na Dallas, iliingizwa mahali pa Seattle katika Kaskazini-Magharibi, na kazi ikaendelea. Portland ikabaki peke yake katika kona ile. Jina la eneo lilikuwa jina la kiti, na kiti kilikuwa cha mwenye kununua.

Mara mbili sheria ilibadilishwa juu yake

Hii divizioni imeacha alama ingine yenye watu wengi wamesahau. Mara mbili matokeo yake yalilazimisha NBA ibadilishe sheria za muchujo wa mwisho, wenye ekipe 8 za kila konferansi zinacheza.

Mwaka 2004, sheria ilisema kama mabingwa watatu wa divizioni wanapata nafasi tatu za kwanza, hata kama ekipe zingine ziko na ushindi mwingi kuwapita. Musimu wa 2005-06, Denver ilikuwa bingwa wa Kaskazini-Magharibi kwa ushindi 44 tu, na ikapewa nafasi ya 3. Dallas, yenye ushindi 60, ikawekwa ya 4. Hapo matatizo mawili yalitokea. La kwanza, San Antonio na Dallas, ekipe zenye ushindi mwingi kupita zote za Magharibi, zilikutana mapema, katika duru ya pili. La pili lilikuwa baya zaidi: kumaliza wa 6 ilikuwa afazali kuliko kumaliza wa 5, maana wa 6 alikutana na Denver. Los Angeles Clippers ilimaliza ya 6, ikaanzia nyumbani kwa sababu ilikuwa na ushindi 47, na ikashinda Denver mechi 4 kwa 1. Muchezo wenye kumupa mutu faida ya kupoteza ni muchezo wenye kuharibika. Musimu wenye ulifuata, sheria ilibadilishwa, na ekipe ya pili kwa nguvu haikuweza tena kusukumwa nyuma namna ile.

Lakini bingwa wa divizioni aliendelea kuhakikishiwa nafasi kati ya nne za kwanza. Musimu wa 2014-15, Portland ilichukua Kaskazini-Magharibi kwa ushindi 51 na kupewa nafasi ya 4, mbele ya Memphis na San Antonio, zenye kila moja ilikuwa na ushindi 55. Memphis iliishinda Portland 4 kwa 1. Mwezi wa 9 mwaka 2015, wenye ekipe waliamua kama nafasi zitahesabiwa kwa ushindi tu.

Tangu siku ile, kuwa bingwa wa divizioni hakuna zawadi kubwa. Kunasaidia kidogo wakati ekipe zimelingana, na kunapanga ratiba ya mechi. Ni ile tu.

Divizioni yenye ilidharauliwa iligeuka ngumu

Kwa karibu miaka 20, hakuna ekipe ya divizioni hii yenye ilichukua ubingwa wa NBA. Oklahoma City ilifika fainali mwaka 2012, Miami ikaishinda. Lakini nguvu ilikuwa inapanda polepole. Musimu wa 2017-18 ekipe zote tano zilimaliza zikifuatana: Portland ushindi 49, Oklahoma City 48, Utah 48, Minnesota 47, Denver 46. Siku ya mwisho, Minnesota na Denver walikutana, na mushindi njo alikuwa wa kuingia katika muchujo. Minnesota ilishinda katika dakika za nyongeza. Denver, pamoja na ushindi wake 46, ilibaki nyumbani.

Mwaka 2023 Denver ilichukua ubingwa wake wa kwanza, pamoja na Nikola Jokić. Mwaka 2024, ekipe tatu za kwanza za Magharibi zote zilikuwa za Kaskazini-Magharibi: Oklahoma City na Denver ushindi 57, Minnesota 56. Mwaka 2025, Oklahoma City ilipata ushindi 68 na ikachukua kombe mbele ya Indiana, mechi 4 kwa 3. Huko Seattle, watu waliangalia ekipe yenye ilizaliwa kwao ikinyanyua kombe mbali na kwao.

Wakongomani ndani ya hii habari

Kabla divizioni hii kuzaliwa, ekipe zake mbili zilikuwa zimekwisha kuandika ukurasa pamoja, na aliyeuandika ni mutoto wa Kinshasa. Tarehe 7 mwezi wa 5 mwaka 1994, Denver ya Dikembe Mutombo, yenye ilikuwa ya 8, ilitoa Seattle, yenye ilikuwa ya 1 kwa ushindi 63. Ilikuwa mara ya kwanza ekipe ya 8 kushinda ya 1. Picha ya Mutombo akiwa amelala chini, anakumbatia mupira na kucheka, ilizunguka dunia yote. Mutombo, aliyejenga hospitali ya Biamba Marie Mutombo kule Kinshasa, alifariki tarehe 30 mwezi wa 9 mwaka 2024.

Serge Ibaka, muzaliwa wa Brazzaville, ambaye mama yake ni wa Kongo-Kinshasa, alichaguliwa na Seattle mwezi wa 6 mwaka 2008, siku chache tu mbele ekipe ihame. Hakuwahi kuchezea Seattle. Alichezea Oklahoma City, na mara mbili, mwaka 2012 na 2013, alikuwa wa kwanza wa NBA nzima kwa kuzuia mipira.

Emmanuel Mudiay, muzaliwa wa Kinshasa, ambaye jamaa yake ilikimbia vita, alichaguliwa na Denver mwaka 2015 na kisha akapita Utah. Bismack Biyombo wa Lubumbashi alipita Oklahoma City mwaka 2024. Na Jonathan Kuminga, muzaliwa wa Goma, alichukua ubingwa wa 2022 pamoja na Golden State, katika divizioni jirani ya Pasifiki.

Ramani ya kesho: nani atafaidika?

Kama Seattle na Las Vegas zinaingia, zote mbili ni za Magharibi kwa jiografia. Magharibi itafika ekipe 17, Mashariki itabaki na 15. Ekipe moja itapaswa kuvuka. Majina yenye yanatajwa sana ni matatu: Minnesota, Memphis na New Orleans. Minnesota ikivuka na Seattle ikirudi, Kaskazini-Magharibi itafanana kidogo na jina lake. Lakini hata ile itatoa Minnesota kutoka kwa ushindani na Denver, wenye ulichukua miaka mingi kujengwa. Tena 32 inagawanyika vizuri kwa 8, kwa hiyo NBA inaweza kuchora divizioni nane za ekipe nne, na majina ya leo yakapotea.

Makuta ndiyo yatasema kwa sauti kubwa. Ekipe mupya inalipa bei ya kuingia, na wenye ekipe 30 wanagawana ile bei. Lakini kisha wanapaswa kugawa makuta ya televisheni kwa watu 32 kuliko 30. Mukataba wa televisheni wenye ulianza musimu wa 2025-26 ni wa miaka 11 na dola karibu miliari 76. Kila mwenye ekipe anapiga hesabu: bei ya kuingia leo inapita kile atapoteza kesho? Swali la kama watu wa Seattle wamengoja vya kutosha haliko kwenye hesabu ile. Mwaka 2013 walijaribu kununua Sacramento na kuihamisha. Wenye ekipe walikataa kwa kura 22 kwa 8. Mwaka 2021 uwanja wao wa zamani ulifunguliwa upya kwa makuta ya watu binafsi. Uwanja uko. Ekipe haiko.

Miji mingine inajifunza somo kwa woga. Mwezi wa 12 mwaka 2023, wakaaji wa Oklahoma City walikubali, kwa asilimia 71, kodi ya kujenga uwanja mupya wa dola milioni 900 kwa uchache, na ekipe ikaahidi kubaki hadi 2050. Wenye ekipe wenyewe wanatoa milioni 50. Huko Portland, ekipe iliwekwa sokoni kufuatana na urithi wa Paul Allen aliyefariki mwaka 2018, na mwaka 2025 kundi la Tom Dundon lilikubaliana kuinunua. Mukataba wa uwanja wa Portland unafika 2030. Kwa hiyo muji wenye ulipiga kura ya "hapana" juu ya Seattle sasa unajiuliza juu ya kiwanja chake mwenyewe.

Kwa vijana wa huku Mashariki, iko hesabu ingine, ya wazi. Kila ekipe ya NBA iko na nafasi 15 za wachezaji wenye mukataba kamili, na tatu zaidi za wale wenye wanapanda na kushuka kati ya NBA na ligi yake ndogo. Ekipe mbili ni nafasi 36. Ni kidogo kwa dunia nzima, lakini ni mulango wenye haukuwa wazi.

Basi wakati NBA itatangaza uamuzi wake, usiangalie tu jina la muji mupya. Uangalie mambo matatu: nani atavuka kwenda Mashariki, nani atalipa uwanja, na mukataba wa uwanja ule unaisha mwaka gani. Wakaaji wa Seattle walijaza uwanja miaka 41, na mwisho wake tarehe kwenye mukataba ndiyo iliamua.